Aliyewavisha Malkia, Rosettenville

Nimewahi kuona watu wakiogopwa kwa sababu ya fedha, wengine kwa sababu ya ulimi, na mmoja kule kwetu Tanga aliogopwa kwa sababu ya mbwa wake. Fundi aliogopwa kwa sababu ya jicho. Ukiingia tu chumbani mwake, nyuma ya duka la mikate la Mreno pale mtaa wa Rosettenville, huku kusini kabisa mwa Afrika, alikutazama mara moja kuanzia ukosi hadi pindo, na kabla hujamaliza salamu alikwisha kujua gauni lako limeshonwa kwa haraka gani na kama ni lako au la kuazima. Mimi siku ya kwanza nilivaa la kuazima. Aliitikia shikamoo yangu vizuri tu, halafu akanishauri nimrudishie mwenyewe kabla kwapa halijachanika.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani, kwa sababu hakuniambia nami si mtu wa kupekua. Lafudhi yake ilikuwa ya Unguja, na hiyo ilinitosha. Kila mtu alimwita Fundi: Mreno wa mikate, Wakongo wa saluni ya jirani, hata wazungu waliokuja na magari yao kumletea kazi. Mimi wakati huo nilikuwa natumika kwenye nyumba moja kule Observatory, kufua na kupiga pasi na kusugua madirisha, na siku zangu za mapumziko, Alhamisi na Jumamosi, nilikwenda kwake kujifunza. Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, usije ukadhani nilikwenda kwa mapenzi ya uzi tu. Nilitaka kupewa mkasi.

Kwa mafundi wa namna yake kuna utaratibu. Mwanafunzi anatia vifungo, anakunja pindo, anashona mishono mirefu, anapiga pasi. Kukata hakati. Kitambaa anakata fundi mwenyewe, mpaka siku atakapokuita mbele ya watu na kukwambia, haya, kata. Siku hiyo ndiyo na wewe unakuwa fundi. Kabla ya hapo, hata ushone miaka ishirini, wewe ni mshonaji wa mtu, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuwa wa mtu.

Sasa, kazi yake. Utadhani ni kanzu na mabuibui. Wapi! Fundi alikuwa anashona nguo za wanawake wa Uingereza wa miaka mia tano iliyopita, enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor. Alizishona kwa ajili ya majumba ya maigizo, na shule moja ya watoto wa matajiri upande wa kaskazini ambayo kila mwaka ilicheza mchezo wa malkia na wapambe wake. Alivyoingia kwenye kazi hiyo ni kama mzaha. Msimamizi wa mavazi wa jumba moja la maigizo, mama wa Kizungu mwembamba aliyevaa miwani shingoni zaidi kuliko machoni, alimletea gauni lililochanika ili alizibe. Fundi akaligeuza ndani nje, akaona zipu mgongoni, akakasirika kabisa. Yeye wakati huo hakujua lolote kuhusu Tudor, lakini aliuliza: mwanamke mwenye gauni la namna hii, mbona ajifunge mwenyewe? Hana watu?

Yule mama akaondoka na swali hilo. Wiki iliyofuata akaja na vitabu.

Fundi alivisoma kwa kidole, neno moja moja, kamusi ubavuni. Nilimkuta navyo miaka mingi baadaye, vimetapakaa chaki na mafuta ya cherehani. Alijua kila kitu, na alipokieleza nilisahau kutia uzi kwenye sindano. Alinieleza kwamba mikono ya gauni ilikuwa kitu cha peke yake, unaifunga begani kwa vigwe au kuibana kwa pini, na bibi mkubwa alikuwa na jozi za mikono nyingi kuliko magauni. Alinieleza kwamba mwanamke wa cheo alivalishwa na watu wawili au watatu kila asubuhi, na pini peke yake zilihesabika kwa mamia. Gauni la juu halikufuliwa hata siku moja, lilipigwa brashi tu. Kilichofuliwa ni shumizi ya kitani iliyogusa ngozi. Na zile sketi zilizosimama wima kwa pete za matete, yeye alizitengeneza kwa matete ya wasusi wa vikapu, akayaloweka usiku kucha kwenye beseni la kuogea, kwa hiyo ukitaka kuoga kwake ulisubiri malkia atoke.

Kola zile kubwa za marinda zilimpa sifa kuliko yote. Mafundi wengine wa mjini walitumia plastiki. Fundi alizitia dondo, dondo ya muhogo ileile wanayotia kanzu kule Unguja kwa ajili ya sala ya Idi, halafu akazipinda rinda moja moja kwa chuma cha moto. Msimamizi wa mavazi alimuuliza siri yake ni nini. Fundi akamjibu kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba siri ni muhogo, na yule mama akacheka akidhani anataniwa.

Lakini kilichomshika roho hasa kilikuwa sheria. Enzi hizo kulikuwa na sheria iliyotamka nani avae nini. Hariri ya zambarau na kitambaa cha nyuzi za dhahabu ni vya mfalme na jamaa zake. Mahameli nyekundu ya wakubwa. Mke wa mfanyabiashara, hata awe na mali ya kuununua mtaa, akivaa kilicho juu ya cheo chake anatozwa faini. Na mwanamke wa shamba, sufu nzito isiyotiwa rangi, basi. Nilipomwambia kwamba hao Waingereza walikuwa na roho mbaya, alinitazama kwa mshangao. Akaniuliza kama bibi zangu hawakunisimulia kwamba pwani yetu hiyohiyo, zama za utumwa, mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kichwa wala kuvaa viatu, na kwamba siku walipoachwa huru kitu cha kwanza walichokitafuta ni kitambaa cha kichwani. Nilisimuliwa, ila sikuwahi kuviweka pamoja. Yeye aliviweka pamoja mezani, karibu na pasi, akaendelea kukunja marinda.

Kisa alichokipenda ni cha mabibi na wajakazi wao. Bibi mkubwa akifariki, mara nyingi aliacha wasia kwamba gauni lake fulani apewe mjakazi wake. Mjakazi anapokea mahameli, analia, anashukuru. Halafu hawezi kulivaa, kwa maana sheria inamkataza. Wengi waliishia kuyauza kwa waigizaji, na ndivyo waigizaji walivyopata kuvaa kifalme wakati watu wenyewe hawana hata pa kulala. Fundi alikisimulia kisa hicho mara nyingi na kila mara alisimama mahali pamoja, pale mjakazi anapoligusa gauni na kulikunja. Alitaka kujua alilikunja vipi. Jambo hilo halikuandikwa kwenye vitabu, na lilimuudhi.

Usidhani alikuwa mtu wa kuonea huruma kila mnyonge. Jeuri alikuwa nayo. Mke wa mchungaji mmoja wa Kikongo, mama mnene mcheshi, alikuja na vitenge vya bei mbaya akasema, "Fundi, minataka robe, gauni yenye mutu mwingine hana." Fundi akamuuliza mutu mwingine ni nani. Ikaonekana ni mke wa mzee wa kanisa. Akamwambia aende kwa fundi mwingine, kwani yeye hamshonei mtu ambaye hayupo. Na mwigizaji mmoja msichana, aliyepewa nafasi ya mkamua maziwa, alipolalamika kwamba gauni lake la sufu ni baya na fupi, Fundi alimsimamisha juu ya stuli nusu saa. Alimweleza kwamba pindo la mkamua maziwa liko juu ya kifundo cha mguu kwa sababu anatembea kwenye matope, na la malkia linaburura kwa sababu kuna mtu wa kumbebea. Kisha akamwonyesha shumizi ya kuvalia ndani ya gauni hilo. Ilikuwa kitani kilekile cha malkia, mishono ileile midogo. Watazamaji wasingeiona kamwe. Yule binti hakulalamika tena.

Na yeye mwenyewe alivaaje? Vibaya. Sweta la kijivu lililotoboka kiwiko, baridi ya Julai na joto la Desemba, na kanga iliyopauka kichwani. Nilimuuliza siku moja, akasema macho yake yameshavaa hariri yote, mwili utasubiri. Tena hakuwahi kuona mchezo hata mmoja. Tiketi alipelekewa, akazitumia kufungia chaki. Alikuwa anasimama nyuma ya pazia hadi wa mwisho avae, kisha anapanda teksi kurudi kwake kabla taa hazijawaka jukwaani.

Jambo moja alilonifanyia mimi sijalisahau. Kule Observatory nilivalishwa yunifomu: gauni la pinki, aproni, na duku la kichwani la kitambaa hichohicho, kama wanavyovaa wafanyakazi wa ndani mji mzima. Nilikuwa naificha kwenye mfuko nikienda kwa Fundi. Alhamisi moja walinichelewesha na kazi, nikaingia nayo mwilini. Aliniambia nyanyua mikono. Nikanyanyua, gauni zima likapanda hadi magotini. Akanizunguka taratibu. Akasema aliyeikata nguo ile hakufikiria kabisa kwamba mvaaji ana mabega, naye kazi yake ni kufuta madirisha. Akanivua palepale, akanipa kanga ya kujisitiri, akafumua kwapa zote mbili na kutia vikwapa, vile vipande vya pembe nne vinavyotiwa kwenye kanzu ili mkono unyanyuke. Kitambaa alikichukua ndani ya pindo, rangi ikaoana kabisa. Mabibi zangu kule Observatory hawakugundua chochote, lakini mimi nilifuta madirisha ya ghorofani miaka mitatu zaidi na kila nikinyoosha mkono nilijua nimeshonewa na mshonaji wa malkia. Nilimpenda sana mtu huyu. Nilimwogopa pia.

Ila mkasi hakunipa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne. Nilishona mikono, nilishona bitana, nilishona matundu ya vigwe mpaka vidole vikaota sugu. Nikamwona akikata, anaweka kiganja juu ya kitambaa na kukaa kimya kwanza, nami nikawa nahesabu moyoni: leo ataniita. Haniiti.

Mwaka wa tano akaugua presha. Alhamisi hiyo alikuwa kliniki, kwenye foleni ya tangu alfajiri, na mimi peke yangu kwenye chumba. Msimamizi wa mavazi akapiga simu: gauni la malkia, lile la mahameli nyekundu, linatakiwa wiki moja kabla ya siku tuliyopewa. Mahameli yenyewe ilikuwa imefungwa rafuni, yote iliyopatikana kwenye maduka ya vitambaa ya Fordsburg, haikubaki hata mita. Karatasi za vipimo zilikuwa tayari. Mkasi ulikuwa msumarini. Nikajiambia namsaidia mgonjwa. Uongo mtupu, nilikuwa naona nafasi yangu.

Nikakunja kitambaa katikati kwa upana, ncha kwa ncha, kama tunavyokunja kitenge, nikakata pande mbili za mbele kwa pamoja. Nilijisikia mtu mzima.

Fundi aliporudi alizitandaza pande zile karibu na dirisha. Hata mimi nikaona sasa. Upande mmoja ulikuwa mwekundu ulioiva, mwingine umepauka na kung'aa. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana uelekeo, na mimi kwa kukunja vile nilikuwa nimekata upande mmoja juu chini. Akaushika mkono wangu, akaupitisha juu ya kipande kimoja, kisha juu ya cha pili. Kimoja kililala, kingine kikasimama.

"Ulikunja kama kitenge," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Kosa hilo kila mtu hulifanya. Kukata bila kuniogopa mimi, nakusamehe. Lakini umekata bila kukiogopa kitambaa."

Bora angenitukana. Siku mbili hakulala vizuri. Upande ulioharibika akaukata mikono, ile mipana inayokunjwa nje, yote miwili kutoka kipande kimoja ili ilingane. Na kile kilichokuwa kimetengwa kwa mikono akakiunga kipande kwa kipande kikawa upande wa mbele, maungio yote akayaficha chini ya mikanda ya tarizi. Alinionyesha kwenye kitabu kwamba hata mafundi wa malkia mwenyewe waliunga, kwani kitambaa kilikuwa ghali kuliko mikono ya watu. Gauni lilipopanda jukwaani, mikono ile iliyopauka ikasifiwa na kila mtu. Msimamizi wa mavazi akaja kumkumbatia, akisema ni wazo la ajabu. Fundi alinitazama tu, akarudi kwenye cherehani yake ya miguu, ambayo kwa bahati haikujali umeme ukikatwa.

Mwaka uliofuata wale watu wa Observatory wakauza nyumba wakahamia ng'ambo. Nikabaki sina kazi. Nilikwenda kwa Fundi siku ya Jumatatu, siku isiyo yangu, nikamwomba wazi, bila kuzunguka: nipe mkasi, nipate kula kwa jina langu.

"Bado," akasema.

Nikamwambia basi nitafungua kwangu, hivyohivyo. Nilitumaini atanizuia.

"Fungua. Mji huu hauulizi cheti. Ila wakikuuliza nani kakupa mkasi, mimi usinitaje."

Nililia kwenye teksi mpaka robot ya tatu, taa za barabarani wanavyoziita huku, na dereva akaongeza muziki ili anistiri.

Nilifungua Diepsloot, mbali kabisa na Rosettenville, ndani ya kontena lenye dirisha moja. Sketi za shule, sare za kwaya, kupunguza suruali. Kazi ilikuja, na wateja hupenda kuuliza: umejifunza wapi, mbona mishono yako midogo hivi? Nikawa najibu nimejifunza huku na huku. Miaka minne nilijibu hivyo. Nikishika mkasi nilijiona mwizi, kwa hiyo niliweka kiganja juu ya kitambaa muda mrefu kabla ya kukata, hata kama ni tetroni ya yunifomu. Watu walidhani nasali.

Ilikuwa Agosti, msimu wa upepo na vumbi, asubuhi. Nilikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Mlangoni kikaingia kivuli, nikainua macho, nikamwona. Alikuwa amepungua mwili, sweta lilimpwaya. Alipanda teksi mbili kunifikia. Nikasimama, nikamwamkia, nikataka kumpisha kiti changu. Akakataa kwa mkono. Akaenda kukaa mwisho wa benchi, zamu yake, kama mtu yeyote.

Nikahudumia wale waliomtangulia. Yeye alinyanyuka, akashika sketi moja iliyotundikwa, akaigeuza ndani nje, akaupitia mshono wote kwa ukucha hadi chini. Akaitundika tena. Uso wake haukuniambia kitu.

Zamu yake ilipofika alitoa mfuko wa plastiki, na ndani yake hariri. Kijani iliyokolea, nzito. Akaniambia aliinunua Fordsburg zamani, akajiwekea, na kila mwaka alisema atajishonea mwenyewe. Sasa anarudi Unguja, safari hii hatarudi tena, na anataka gauni la kuteremkia. Akaninyooshea mkono wa kulia ili nione. Ulikuwa unatetemeka, vidole vyote, hata alipoushika kwa mkono wa kushoto.

Nikampima. Sikumbuki mtu yeyote kuwahi kumpima. Bega moja lilikuwa chini kuliko lingine kwa miaka ya kuinamia meza, nikaliandika bila kulitaja, naye akaona nimeliandika na hakukanusha. Nikatandaza hariri. Nikaweka kiganja. Nikaanza kuogopa kweli, maana kitambaa kilikuwa kimoja tu na mwenyewe ni yeye. Nikachukua mkasi, nikamtazama, nikingoja lile jicho linifuate mkononi kama lilivyonifuata miaka yote.

Alivuta stuli, akaigeuza ielekee mlangoni, akaketi akanipa mgongo.

Mama mmoja Mkenya, aliyekuwa amerudi kuulizia sketi za binti zake, akachungulia mlangoni na kunipazia sauti nimwambie zitakuwa tayari lini. Fundi hakugeuka. Alimwinulia ule mkono unaotetemeka, akamwambia kwa upole kabisa.

"Subiri kidogo, mama. Fundi anakata."